Hatua ya Sentimita Sabini na Tano

Kwa zaidi ya miaka ishirini hatua yangu ilikuwa na urefu wa sentimita sabini na tano. Hatua nne, mita tatu. Nilijifundisha mwenyewe, kutoka kitabu cha zamani cha jiometri nilichokinunua sokoni Kamalondo kikiwa hakina jalada, na miaka ya mwanzo nilijipima upya kila mwaka kwa utepe kwenye barabara iliyonyooka. Mimi si mpimaji wa serikali. Mimi ni yule anayeitwa kabla yake. Mtu anataka kuuza nusu ya kiwanja, ndugu wanataka kugawana: ninakuja, ninatembea, ninachora. Utepe ninao, lakini niliutumia mara chache. Watu wengi huamini zaidi wakiona mtu anatembea mbele yao huku akihesabu kwa sauti.

Kisha dada wawili waliniita kwenye kiwanja cha marehemu baba yao, kando ya barabara ya Kipushi. Baba huyo aliwahi kuniita mwenyewe zamani, na daftari langu lilisema hatua themanini kwa sitini. Nilitembea asubuhi ile katika majani yaliyolowa umande, na nilipofika kwenye kona ya mwisho nilikuwa na themanini na sita. Upande wa pili, sitini na tano.

Dada mkubwa alicheka mpaka akashika kiuno. "Parseli ya papa iko nazaa! Tungoje mwaka moya ingine, itafika mupaka Zambia."

Mdogo, ambaye ni mfanyabiashara wa kule mpakani, hakucheka. Alichukua utepe kutoka mfuko wangu, akampa dada yake ncha moja, wakaunyoosha mara nyingi mpaka mwisho. Mita sitini kamili kwa arobaini na tano, kama zamani.

"Udongo haikuongezeka, papa," aliniambia kwa upole. "Ni weye njo unapunguka."

Mke wangu ni mshonaji. Cherehani yake iko barazani, na mtaa wetu anaujua kwa masikio kuliko kwa macho. Nilipomweleza hakuinua kichwa.

"Tangu mwaka yenye ilipita niko nasikia," alisema. "Ukifika pa kona, muguu moya inasema, ingine inakohoa."

"Juu ya nini haukuniambia?"

"Nikuambie nini? Weye njo mwenye kupima."

Alinionyesha suruali yangu aliyokuwa akiitengeneza. Pindo la kushoto lilikuwa limelika kwa kuburutwa chini. Maumivu nilikuwa nayo kweli, ndani ya kinena, na asubuhi nilikuwa nikivaa soksi ya kushoto kwa mateso, lakini nilikuwa nimeyaita uchovu. Nilifungua daftari la mwaka uliopita, nikatazama hesabu zake, nikalifunga.

Daktari alibandika picha ya mifupa yangu kwenye taa. Kichwa cha mfupa wa paja kinakaa katika kikombe, na kati yao panatakiwa pawe na mstari mweusi, nafasi ya gegedu, lile ganda jeupe laini linaloonekana mwishoni mwa mfupa wa kuku. Nyonga ya kulia ilikuwa na mstari. Ya kushoto ilikuwa na uzi. Alisema dawa yake ya mwisho ni operesheni, kuweka nyonga ya chuma, na kwamba kwa hiyo ningepaswa kuvuka mpaka. Sikuogopa kisu. Niliogopa kuamka na hatua ya mtu mwingine.

"Kabla ya hiyo hakuna kitu?" nilimwuliza.

"Biko bingi," alijibu. "Lakini bitaomba kazi. Nakupatia mupaka mwisho ya mvua. Kama siku ile bado haulalake muzuri, na bado unachechemea, tunaandika barua ya operesheni."

Mvua za kwanza zilikuwa zimenyesha wiki ile.

Alinituma kwa mama kine, ndivyo tunavyomwita mtaalamu wa mazoezi ya viungo. Ni binti wa watu waliotoka Kasai, mwembamba, mwenye sauti ya mwalimu. Nilipoingia alitazama kwanza fimbo niliyokuwa nimeanza kutembelea, mimi baadaye.

"Papa, ni muguu gani inauma?"

"Ya kushoto."

"Na fimbo unaibeba mukono gani?"

"Ya kushoto."

"Basi unaisaidia kuuma."

Alinieleza kwa kuchora. Ninapoinua mguu wa kulia, mwili wote unategemea nyonga ya kushoto, na misuli ya ubavuni inaivuta kwa nguvu ili nisianguke. Fimbo ikiwa mkono wa kulia inabeba sehemu ya uzito huo kabla haujafika kwenye nyonga. Jiometri tupu. Niliona aibu: nilikuwa nimepima nusu ya mji, na sikuwahi kuchora mstari mmoja juu ya mwili wangu.

Alinipa mazoezi manne. Kulala chali na kuinua makalio. Kulala ubavu wa kulia na kuinua mguu wa kushoto. Kusimama na mguu mmoja nikishika mwimo wa mlango. Kukaa na kusimama bila kutumia mikono. Aliniambia pia nipunguze mwili, na nisitafute hatua yangu ya zamani. "Tafuta kwanza miguu mbili zifanane," alisema. Niliandika sentensi hiyo, ingawa sikuikubali.

Kila alfajiri nilitandika mkeka. Makalio juu, kuhesabu mpaka kumi, makalio chini. Ilikuwa kazi isiyohitaji akili, na akili yangu ikaanza kuondoka. Ilitoka nje kabla yangu. Ilitembea Kamalondo yote, mtaa baada ya mtaa, ikipita mbele ya milango ya washonaji iliyofungwa na viti vya baa vilivyopangwa juu ya meza, katika mwanga ule wa mvua usio na kivuli. Niliona kuta zilizobomolewa tangu ujana wangu zikiwa zimesimama tena. Katika matembezi hayo sikuwahi kuchechemea. Mara nyingine nilifika mbali sana, mahali nisipopajua, na mke wangu aliniita: "Weye, umeshamaliza kumi kitambo." Kweli, nilikuwa nimebaki na makalio hewani, misuli ikitetemeka.

Baada ya miezi miwili niliweza kupanda ngazi, lakini usingizi bado ulikatika kila nilipogeukia kushoto. Daktari akanieleza juu ya sindano. Kuna ile ya kutuliza uvimbe, inayosaidia kwa muda, na haifai kurudiwa ovyo. Na kuna nyingine, ya damu yangu mwenyewe: wanaitoa mkononi, wanaizungusha, wanachukua sehemu yenye chembe zinazosaidia jeraha kupona, wanairudisha ndani ya kiungo.

Nilimwuliza kama gegedu itaota upya.

"Hapana. Tusidanganyane. Bamoya inabasaidia miezi mingi, bamoya haibasaidie kitu. Na ukiniuliza utakuwa mu bale bamoya ao mu bale bengine, sijue."

Nilipenda jibu hilo kuliko ahadi. Niliacha vidonge vya maumivu kwa siku alizoniagiza, nikaenda.

Mashine ilikuwa ndogo kama sufuria. Ilipoanza kuzunguka ilitoa sauti nyembamba, na nikiwa nimelala pale niliisikia kama mvua ya mbali juu ya mabati. Ilipotulia, damu ilikuwa imegawanyika: chini nyekundu nzito, juu maji ya njano, rangi ya chai nyepesi iliyopigwa na jua. Sikujua kwamba ndani yangu kuna rangi hiyo. Daktari alifuata sindano kwenye kioo cha mashine ya picha, na mimi pia nilitazama: mstari mweupe ukishuka katika kijivu, polepole, kuelekea mahali ambapo miaka yote hatua zangu zilikuwa zikianzia. Nilihisi shinikizo, kisha joto, kisha kama mtu ameketi ndani ya nyonga na hataki kuondoka. Siku tatu maumivu yalizidi. Mama kine aliniambia ningoje, na mkeka usikunjwe.

Alikuwa ameniambia pia kwamba kutembea ndani ya maji kungefaa. Dada yangu mkubwa anaishi Pweto, kando ya ziwa, anauza samaki wa kukaushwa. Nilisafiri kwake, nikishuka kila gari liliposimama ili ninyooshe mguu.

Asubuhi ya kwanza niliingia ziwani pale wanapofulia, mpaka maji yakafika kifuani. Ukungu ulikuwa bado chini, na mahali ziwa lilipokwisha na mbingu ilipoanza hapakuwa na mstari wa kuchora. Nikaanza kutembea. Uzito wangu ulikuwa umebaki ufukweni pamoja na viatu. Mguu wa kushoto ulinyanyuka, ukakaa kidogo kama unafikiri, ukashuka kwenye mchanga bila kusema neno. Kisha wa kulia, vivyo hivyo. Harufu ya samaki ilikuja na kuondoka. Nilienda na kurudi, sijui mara ngapi. Nilitambua tu kwamba sikusikia tofauti kati ya miguu miwili, na kwamba kwa muda mrefu nilikuwa nimesahau ni upi uliokuwa mgonjwa.

"We mutoto ya mama!" dada yangu alipiga kelele kutoka ufukweni, beseni kichwani. "Sasa uko napima maji? Nani ananunua?"

"Niache, yaya," nilimjibu, kama tunavyomwita dada mkubwa. "Niko natembea."

"Tembea, tembea. Lakini ukiuzisha, unipatie upande yenye iko na samaki."

Nilikaa kwake wiki tatu. Kila siku niliingia majini. Wiki ya mwisho nililala usiku mzima kwa ubavu wa kushoto, na dada yangu ndiye aliyeniamsha.

Mvua zilipoisha nilirudi kwa daktari. Alibandika picha mbili kwenye taa, ya kwanza na mpya. Uzi ulikuwa ule ule. Nilijua, hata hivyo moyo ulishuka. Akaniambia nitembee mpaka mwisho wa ukumbi na kurudi. Nilitembea. Akaniambia tena, bila fimbo. Alikunja mikono, akatazama picha, akanitazama.

"Sasa ni nani ananidanganya, picha ao weye?"

"Nalala, daktari. Na navaa soksi."

"Basi barua siandike. Endelea na mkeka. Siku usingizi itakatika tena, rudia hapa, tutasema tena." Hakuniambia siku hiyo haitakuja.

Nilipotoka kwake, uani pale kulikuwa na sakafu ndefu ya saruji. Nilitandaza utepe, nikatembea hatua kumi: mita saba na sentimita kumi. Nikarudia, nikianza na mguu mwingine. Mita saba na sentimita kumi. Niliandika: sabini na moja, sawa pande zote. Nilisimama kidogo na namba hiyo, kama mtu anayezoea jina jipya.

Kesho yake nilichukua daftari la mwaka uliopita na lile lililotangulia. Sikuweza kujua ni siku gani hatua ilianza kupungua, kwa hiyo nilichagua kupima upya kuanzia kiwanja cha mwisho kilichopimwa kabla ya wale dada, nikirudi nyuma. Nilivaa viatu vipya, utepe mfukoni, fimbo mkono wa kulia. Cherehani ya mke wangu ilinyamaza nilipopita, ikasikiliza, ikaendelea.

Geti la kwanza lilikuwa la bluu, na ukuta wake mpya haukuwa na rangi bado. Nilipiga hodi.

"Nani?" sauti ya mwanamke iliuliza kutoka ndani.

"Mupimaji. Nakuya kupima tena."

"Tulishajenga!"

"Najua, mama. Fungula tu."