Mama Subiri na Gauni la Dirishani

"Hivi shoga, zege lako hili tutalikanyaga lini, au tungoje mpaka parapanda ilie?"

Jirani yake, muuza mkaa, alimuuliza swali hilo asubuhi moja akiwa amejishika kiuno. Mama Subiri alikuwa amepiga magoti, akimalizia kulainisha sakafu kwa mwiko, na hakuinua kichwa.

"Keshokutwa asubuhi, tena miguu mitupu. Vitu vizito, siku saba. Gari, siku ishirini na nane."

"Gari! Na wewe huna hata baiskeli!"

"Siku zake ni zile zile, shoga yangu."

Jina la Mama Subiri alipewa na wateja. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa fundi wa zege, na kila akikunja magunia yake alisema neno moja tu: subiri. Mwenye duka la dawa hakusubiri, akaingiza pikipiki siku ya pili. Alama za matairi zipo mpaka leo, na wagonjwa huzitazama wakiwa kwenye foleni. Mama Subiri alipokuwa akieleza watu, alisema zege halikauki kama nguo kwenye kamba, linakomaa kama mtoto, na mtoto hakomazwi kwa kufokewa. Tena lataka maji. Ukiliacha na kiu, linapasuka.

Miaka yote hiyo alitengeneza sakafu za wenzake, mbele ya mlango wake mwenyewe pakiwa tope. Mvua ikinyesha, aliingia kwake viatu mkononi. Sasa Mungu alikuwa amemjalia saruji ya kutosha kipande cha hatua nane, toka kizingitini mpaka njiani, ukuta kwa ukuta. Alfajiri ya siku hiyo alisali kidogo, akaita mara tatu kama desturi yake: "Nani yumo ndani? Zege linamwagwa!" Kimya. Alijua mume wake, fundi cherehani, amekwenda kununua vifungo. Akamwaga.

Kumbe fundi cherehani hakwenda popote. Alikuwa amelala fofofo chini ya meza ya kukatia nguo, pamba masikioni, maana mkewe akichanganya zege hata marehemu hugeuka upande.

Saa tano akafungua mlango, akapiga miayo, akainua mguu.

"Usithubutu!"

Mguu ukabaki hewani. Mzee wa watu akasimama kama korongo.

"Mke wangu, nautua wapi?"

"Ndani! Utue ndani, baba!"

Akautua ndani. Nyumba ilikuwa na mlango mmoja tu. Choo kilikuwa humo humo, Mungu ni mwema, na chakula kingepita dirisha la uchochoroni. Kingekuwa kifungo chepesi, kama si kile kilichoning'inia ukutani: gauni la bibi harusi wa kesho asubuhi, jeupe, lenye marinda kama kabichi.

Saa kumi shangazi wa bibi harusi akatokea, viatu vyake vina visigino kama misumari, akielekea moja kwa moja mlangoni. Mama Subiri akaruka mbele yake, akatanua mikono kama golikipa.

"Pisha, mama. Nimefuata gauni."

"Subiri."

"Nisubiri nini? Harusi kesho!"

"Dada yangu, ukipita hapa, visigino hivyo vitaacha mashimo ya kupandia mahindi."

"Basi wekeni ubao!"

"Ubao wa hatua nane uko wapi? Na huu wa hatua mbili utazama nawe ukiwa juu yake."

Shangazi akaanza kulia, tena kwa sauti. Mama Subiri akaiangalia sakafu yake, laini kama mkate uliopakwa siagi, akamwangalia yule mama. Roho ikamuuma pande zote mbili. Angelivunja neno lake la miaka kumi na tisa, au binti wa watu aolewe amevaa kanga?

"Twende dirishani," akasema.

Nondo za dirisha alizipanga yeye mwenyewe, na katika nafasi zake hata paka alifikiri mara mbili kabla ya kupita. Fundi cherehani akaanza na mkono wa kushoto wa gauni. Ukapita. Kifua kikapita. Yalipofika marinda, kazi ikagoma.

"Sukuma, baba, sukuma!" akahimiza muuza mkaa, ambaye alikuwa amenawa mpaka mabegani ili aruhusiwe kushika.

"Nasukuma! Nyie vuteni taratibu, mtanitoa na kiuno!"

"Pumua kwanza," akasema shangazi, ambaye machozi yalikuwa yameshageuka kicheko.

Rinda moja, la pili, la tatu. La mwisho lilichomoka ghafla, shangazi akakaa chini uchochoroni, gauni zima kifuani. Wakalikagua. Uzi mmoja tu ulikuwa umelegea. Shangazi akaondoka mbio, akimwombea baraka kila mtu, hadi dirisha.

Fundi cherehani akabandika uso kwenye nondo.

"Haya, mama watoto. Na mimi je?"

Mama Subiri akaenda mbele, akapapasa ukingo wa sakafu kwa kidole. Zege lilikuwa limeshika vizuri, tena limeanza kupauka upande wa kizingiti, ambako mkono wake toka njiani haukufika. Akarudi dirishani na ndoo, na kopo dogo lililopenya kwenye nondo.

"Mume wangu, maadamu umo humo mpaka keshokutwa, naomba unimwagilie maji upande wa mlangoni, asubuhi na jioni."