Baraza Letu Liko Bondeni

Kila nikisikia mtu akiliita lile ziwa la Jangwani maafa ya asili, natamani kumshika mkono nikamwonyeshe. Nilipokuwa mdogo pale palikuwa bonde. Masika yakija, mto ulishuka na maji kutoka Pugu, ukatanuka, ukalala wiki mbili tatu, kisha ukajiendea zake baharini. Uliacha tope, na kwenye tope watu wakapanda mchicha uliolisha Kariakoo nzima. Siku hizi maji hayaondoki. Hata kiangazi kikali unayakuta yametuama, ya kijani, yana magugu na matairi, na harufu yake inakufuata hadi sebuleni.

Mama yangu anaishi Ilala, karibu kabisa na ukingo wa bonde hilo. Mimi ndiye niliyempeleka, na nalisema mapema nisije nikaonekana nawaonea wengine. Nyumba yetu ya zamani ilikuwa Kariakoo: vyumba sita, ukumbi katikati, jiko uani, na mbele baraza refu la saruji nyekundu. Saruji ikiwa bado mbichi, baba alichukua kikombe cha kahawa kilichomeguka kitako, akakandamiza mashimo thelathini na mawili, akapata bao lake la kudumu. Alipofariki akaja dalali, nami nikamshawishi mama auze. Nilimwambia Ilala kuna hewa. Akakubali kwa sharti moja, kwamba hatahama tena mpaka siku ya kubebwa.

"Hutahama, mama," nikamwambia. "Naapa."

Nyumba ikavunjwa, na leo pale pana ghorofa lenye fremu za maduka ya vitenge chini. Sikujiuliza kuta zilipelekwa wapi. Kariakoo yote inabomolewa na kupandishwa juu, na sisi tunapita tukipangusa vumbi, tukidhani kifusi kinayeyuka chenyewe.

Masika ya pili maji yakaingia kwa mama, yakafika magotini. Nilimkuta juu ya meza ya kulia, msahafu mapajani. Aliyempandisha pale ni jirani wa nyuma, mwanamke muuza vitumbua ambaye nyumba yake iko chini zaidi ya yetu, na kwake maji yalikuwa kiunoni. Mama hakulia. Aliniuliza tu kama nimekula. Hasira iliyonipanda siku ile haijashuka mpaka leo.

Maji yalipopungua nikaenda bondeni. Matipa yalikuwa kwenye foleni mchana kweupe, yanamwaga kifusi pale pale ambapo mto ulikuwa unalala. Nikasimama mbele ya moja. Dereva akazima injini, akaniamkia kwa adabu zake zote, "Shikamoo, mama." Sikuitikia. Nikamuuliza nani kamruhusu. Akasema yeye anaonyeshwa pa kumwaga, basi, na kwamba wengi wanaomwita ni wenye nyumba za ukingoni, kila mtu anajaza nyuma ya ukuta wake apate kiwanja kikavu. Nikamtukana matusi ambayo sikujua kama ninayo. Alinisikiliza mpaka nikaishiwa.

Nikageuka niondoke, ndipo nikaliona. Pande la saruji nyekundu lilikuwa limelala ubavu, nusu topeni, na mashimo ya bao yamejaa maji. Yalibaki kumi na moja. Nikaingiza kidole katika moja, nikapapasa chini, na alama ya kile kikombe kilichomeguka ilikuwepo.

Nikachutama pale na viatu vyangu vya kazini. Maji yaliyoingia kwa mama yalikuwa yamesukumwa na nyumba yetu wenyewe. Tuliiuza, ikabebwa, ikamwagwa kwenye malazi ya mto, nao mto ukaja kulala kwa mama. Nilimchukia dalali, nikawachukia mabwana wa ghorofa na wakubwa wanaopita barabarani vioo vikiwa juu. Kisha nikajichukia mimi, na hapo nikakaa muda mrefu.

Nilimsimulia mama nikitegemea anilaumu. Akakunja kanga yake, akasema, "Basi na sisi tuagize."

"Tuagize nini?"

"Kifusi. Tripu mbili, kule uani. Wewe si uliapa sitahama?"

Nilibishana naye siku tatu. Nikamweleza habari za bonde, za mto, za jirani wa nyuma. Akasema anampenda sana jirani, lakini yeye mwenyewe ni mzee na hawezi tena kukaa juu ya meza. Siku ya nne nikaagiza.

Tipa likaja asubuhi, na dereva alikuwa yule yule.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba," nikaitika, nikaenda kusimama nyuma ya gari kumwelekeza kwa mkono. Rudi, rudi, hapo hapo, mwaga. Kifusi kikashuka, vumbi likaruka ukuta. Lilipotulia nikamwona jirani yetu mlangoni kwake kule chini, ameshika sahani ya vitumbua aliyokuwa anamletea mama.