Jumatatu Isiyo na Chumvi

Nilipokuwa mtoto wa miaka tisa, hapahapa Bagamoyo, niliharibu mfungo wa mwanamke aliyekuwa akiomba mtoto. Niliuharibu kwa chumvi, tena kwa huruma, na sasa nimezeeka bado naona haya kusimulia.

Tukimwita Bi Kamla. Alikuwa Baniani, mumewe ana duka la nguo mtaani kwetu, na ua wao na wetu zilitenganishwa na ukuta mfupi ambao bibi yangu aliuegemea kila asubuhi kupiga soga. Mimba mbili zilikuwa zimemtoka Bi Kamla. Ndipo akaweka nadhiri kwa Mungu wake kwamba atafunga Jumatatu kumi na sita mfululizo, bila kukosa hata moja, apate mtoto. Ikiharibika moja, zote zimeharibika.

Bibi, ambaye ndiye aliyenilea, hakuacha kumtania.

"Kufunga gani huko, Bi Kamla, mtu anakula viazi?"

"Nyinyi mnafunga saa, Bi Mkubwa," alijibu. "Sisi tunafunga chakula."

Basi nasi tukajifunza chakula kilichofungwa na kilichofunguliwa. Wali hapana, ngano hapana, mtama hapana. Kunde, choroko na dengu zilikaa kando, na kitunguu na thomu havikutajwa hata kwa jina. Muhogo ulikuwa ruhusa, na viazi vitamu, ndizi, papai, karanga, maziwa, samli na sukari guru. Alikula mlo mmoja tu, alasiri, baada ya kuabudu. Chumvi hakuigusa kabisa mpaka Jumanne asubuhi. Na Bibi yuleyule wa utani, kila Jumapili alikwenda shambani kwake Makurunge kumchimbia muhogo. Aliumega, akautafuna mbichi, akautema ule wenye uchungu na kuutupa ule wenye nyuzi. Sisi tulikula uliobaki.

Kazi yangu ilikuwa kuupeleka. Jikoni kwa Bi Kamla sikuruhusiwa kuingia siku ya mfungo. Nilikaa kizingitini, naye akamenya na kupika, tukizungumza. Ukutani, juu ya meko, alikuwa akipiga kidoti kila Jumatatu kwa ule unga mwekundu wanaojipaka kwenye paji la uso. Kila nilipofika nilivihesabu kwa sauti, naye alipenda kunisikia. Kopo la chumvi alilifunika kitambaa cheupe na kulifunga kamba, kama vile chumvi ingeweza kutoka yenyewe.

Siku vidoti vilipofika kumi na tatu, muhogo ulikuwa unatokota kwenye maziwa, naye akaingia chumba cha ndani kuabudu. Aliniomba nimwangalizie paka wa jirani asije kula chunguni. Paka hakuja. Mimi nikakaa nawaza yangu. Nilimwona Bi Kamla amekonda, midomo imekauka. Kwetu mtu akishinda na njaa, magharibi hufuturu kwa kitu kitamu. Futari ya muhogo ikikosa chumvi, mpishi husemwa mwezi mzima. Nikaona watu wa dini yake wanamwonea. Nikavuka kizingiti, nikafungua lile kopo, nikatia chumvi ya vidole vitatu chunguni, nikakoroga. Kisha nikalifunga kopo vizuri, nikarudi mahali pangu nimejaa furaha ya mtu aliyetenda wema.

Bi Kamla alitoka, akapakua, akakaa chini. Alitia tonge la kwanza kinywani, akaacha kutafuna. Aliligeuzia macho kopo, kisha akaniangalia mimi, nami nilikuwa natabasamu nikingoja sifa.

"Muhogo mtamu leo," alisema.

Akala wote, mpaka akakomba sahani.

Jumatatu iliyofuata ukuta ulikuwa umepakwa chokaa upya. Vidoti vyote vilikuwa havipo. Palikuwa na kimoja tu, kibichi, bado kinang'aa.

"Vingine viko wapi?" nikauliza.

"Nimeanza upya, Hawa. Nilikula chumvi."

Akaendelea kumenya. Mimi nikarudi nyumbani mbio, nikamweleza Bibi yote. Hakunipiga, na hilo ndilo lililonitisha. Alikaa mkekani, akavuta kanga yake mabegani.

"Nadhiri ya mtoto haichezewi," alisema. "Anayeiharibu itamrudia tumboni mwake mwenyewe. Nenda kamwombe radhi, kabla hujalala."

Nilikwenda nikilia. Bi Kamla alinikalisha kizingitini.

"Nilijua," aliniambia. "Kopo mimi hulifunga fundo moja. Wewe ulifunga mawili."

"Mbona hukutema?"

"Ulikuwa unanitazama," alisema.

Toka siku ile Bibi alinipa adhabu, au labda dawa. Kila Jumatatu nami chakula changu kikatengwa bila chumvi, mpaka zile kumi na sita za pili zimalizike. Zilimalizika. Mwaka uliofuata Bi Kamla akapata mtoto wa kiume, Bibi akampelekea kuku kwa kusahau kwamba hawali nyama, na wakacheka mpaka wakashikana mikono juu ya ukuta. Baadaye mumewe akahamishia duka Dar es Salaam, wakaondoka.

Nami nikaolewa Mkange. Miaka sita ikapita sina kitu. Nilikunywa makombe ya aya za Kurani, nikafungwa hirizi, nikakandwa tumbo na wakunga watatu. Mama mkwe hakunisema, lakini aliacha kuniuliza, na hilo lilikuwa baya zaidi. Bibi alikwisha fariki. Usiku maneno yake yalinijia: itamrudia tumboni mwake mwenyewe. Niliyaamini. Sitadanganya kwamba sikuyaamini.

Mwishowe mume wangu alinipeleka hospitali ya Dar es Salaam. Daktari hakuona ugonjwa wowote. Nilipotoka, nikamwomba mume wangu twende mtaa wa Wahindi nikamsalimu Bi Kamla. Nilitaka kumwomba radhi kwa mara ya pili, sasa kama mtu mzima, anitolee lile lililonikaa.

Alikuwa amenenepa, nywele zimeanza mvi. Alinipa chai ya maziwa, chapati, mchuzi wa choroko. Yeye alijiwekea ndizi mbili na bilauri ya maziwa.

"Huli?" nikamuuliza.

"Leo Jumatatu."

"Bado unafunga? Si ulikwisha pata mtoto?"

Akaanza kumenya ndizi. Nikainua macho. Juu ya meko, kwenye ukuta wa nyumba mpya, vilikuwepo vidoti vyekundu, tisa.

"Mumeo huja kununua nguo hapa," alisema polepole. "Nilipojua amekuoa wewe, nilimuuliza habari zako. Zangu nilimaliza zamani, Hawa. Hizi si zangu."

Nililia palepale, mbele ya mume wangu, chai ikapoa. Sikuomba tena radhi niliyoiendea, kwa sababu sikuona mahali pa kuiweka.

Mtoto sikupata. Nasema hivyo waziwazi kwa kuwa watu hupenda hadithi iishie kwa kilio cha kichanga. Wako wanaosema Bibi alinena kweli, na mimi siwabishii. Lakini nimekaa na jambo hili miaka mingi, na siwezi kuiona nadhiri ile kama kitu cha kulipiza, wakati aliyedhulumiwa mwenyewe alikaa na njaa kwa ajili yangu Jumatatu baada ya Jumatatu, wala asingeniambia kama nisingeinua macho.

Nimewalea watoto wawili wa dada yangu. Kila Jumatatu jioni nawachemshia muhogo kwa maziwa, bila chumvi, wananung'unika, na mkubwa wao huuliza kopo liko wapi. Kopo nimelifunika kitambaa, nimelifunga fundo moja.