Samaki Ndani ya Kibuyu cha Bibi

Kila msimu wa kupanda ukianza, huwa nachota mbegu za mahindi kwa kipande cha kibuyu kilichokatika juu, kinachofanana na bakuli kuukuu. Kabla ya kuchota nakinusa. Ni tabia isiyo na faida yoyote, na watoto wangu wananicheka. Nanusa kwanza ukingoni, kisha chini kabisa. Harufu ni ileile: moshi wa mzeituni pori, na kwa mbali maziwa yaliyokauka kabla watoto hawa hawajazaliwa. Harufu ya samaki haipo. Nimeitafuta kwa miaka mingi, na sasa nadhani najua kwa nini siipati.

Kibuyu hicho kilikuwa cha bibi yangu, mama wa baba, aliyenilea kijijini Masieda. Alipewa na mama yake siku alipoolewa. Kilikuwa chekundu kama udongo wa kichuguu kwa kupakwa mafuta, kimefungwa mkanda wa ngozi, na mdomo wake ulikuwa na upana wa kupitisha yai la kuku. Kila jioni Bibi alikiosha, akaingiza kijinga cha moto cha mzeituni pori, akasugua ndani hadi kikafuka moshi, ndipo akamimina maziwa. Ng'ombe anayekamuliwa alikuwa mmoja. Kibuyu kilikuwa kimoja. Mimi nilikuwa na miaka kumi na moja, na nilikuwa nimekatazwa kukibeba kwa mkono mmoja.

Nyumbani kwetu samaki hakuliwa. Bibi hakuwa na maelezo marefu juu ya jambo hilo. Kwake samaki alikuwa nyoka aliyehamia majini, basi. Aliamini pia kwamba chombo cha maziwa kikiguswa na samaki, ng'ombe hukauka. Mwalimu wetu wa darasa la tano, aliyeletwa kutoka mikoa ya ziwa, aliposhuka mtoni kila Jumamosi na ufito wake begani, Bibi alimtazama akipita na kusema, "Mtu mzima, amesoma mpaka chuo, anakwenda kumsubiri nyoka." Alisema bila chuki, kama mtu anayesikitikia ugonjwa wa jirani.

Mimi nilimfuata Mwalimu mtoni mara nyingi, kwa kisingizio cha kuchota maji. Ndiye aliyenifundisha kuyatazama maji. Nilikuwa nikidhani samaki hukaa kwenye maji yaliyotulia, kama mbuzi wanavyojikusanya kivulini. Alinionyesha kwamba samaki wa mto unaokimbia hufanya vingine. Hujificha nyuma ya jiwe, kichwa kikielekea maji yanakotoka, na husubiri chakula kiletwe. Ukiangalia vizuri utaona mstari mwembamba mahali maji ya kasi yanapopakana na maji ya polepole, kama mshono wa nguo. Chambo hakitupwi juu ya samaki. Hutupwa mbele, juu ya mkondo, kisha unakiacha kishuke chenyewe kwenye mshono huo, mshipi ukiwa haujakaza wala haujalegea. Chambo chetu kilikuwa panzi. Samaki mwenyewe alikuwa na magamba ya rangi ya shaba na ndevu fupi mdomoni. Mwalimu alisema kwao ziwani kuna ndugu mkubwa wa samaki huyo, anayeitwa kuyu.

Mwaka huo mke wa Mwalimu, tuliyemwita Mama Mwalimu, alijifungua mtoto wa kwanza. Alikuwa mbali na mama yake na mashangazi zake. Kwetu mzazi hupelekewa maziwa, hivyo Bibi aliacha kuuza ziada yake na kila asubuhi akanituma na kibuyu kimejaa. Niliporudi aliuliza neno moja tu, "Amekunywa?" Nami nilijibu, "Amekunywa, Bibi."

Nilikuwa nadanganya. Mama Mwalimu alishindwa kuyanywa maziwa yale tangu siku ya kwanza. Harufu ya moshi, ambayo kwetu ndiyo utamu wenyewe, ilimtapisha. Alijaribu mara tatu mbele yangu, mara ya tatu akalia. Mwalimu ndiye aliyekuwa anayanywa, akisimama jikoni kama mtu anayemeza dawa, kwa kuwa hakuthubutu kuyamwaga. Ugali na maharage mama yule aliacha nusu. Maziwa yake hayakutoka ya kutosha, na kitoto kililia kwa sauti ambayo kila siku ilikuwa ndogo kuliko ya jana. Hilo la sauti nililisikia mwenyewe. Sikumwambia mtu.

Jumamosi moja nilimkuta Mwalimu ameketi mlangoni, mguu umefungwa kitambaa. Alikuwa ameteleza kwenye mawe ya mto siku mbili kabla. "Kwetu mzazi anapewa mchuzi wa samaki," aliniambia, "na mimi hata kufika barabarani siwezi." Akanitazama kama alivyonitazama darasani kabla ya kuniita ubaoni. "Paskalina, mshono wa maji unaujua?"

"Naujua, Mwalimu."

"Basi nenda. Lakini aje mzima. Kupandisha mlima ni saa nzima na jua hili. Akifa njiani atanuka, na mama huyu akisikia harufu mbaya hata mchuzi huo hatakula."

Akanipa ufito, ndoano yake ya pekee iliyobaki, na mfuko wa plastiki wa kumbebea samaki na maji yake. Kibuyu cha Bibi, kitupu, kilikuwa mgongoni mwangu. Nilipaswa kukirudisha nyumbani kwanza. Sikukirudisha.

Panzi wa kwanza nilimtupa karibu mno, akazungushwa na kurudi miguuni. Wa pili alifika mshononi lakini nilikaza mshipi, akaruka juu ya maji kama anayevutwa sikio. Wa tatu aliliwa bila mimi kujua. Kwa wa nne nilisogea juu zaidi, nikasimama ndani ya maji baridi yaliyonifika magotini, nikauachia mkondo kazi yake. Mshipi ulishuka, ukafika usawa wa jiwe jeusi, ukasimama. Maji yaliendelea kwenda. Mshipi peke yake ndio uliosimama. Nilivuta. Kitu kilichokuwa upande wa pili kiligeuka na kukimbilia kwenye maji ya kasi, nami nikakifuata nikijikwaa. Nilipomtupa samaki majanini, nilikuwa nimelowa hadi kifuani, na mfuko wa plastiki ulikuwa unaondoka na mkondo, umejaa upepo.

Leo ningekata ujani mrefu, nikaupitisha kwenye mashavu yake, nikamning'iniza huku nikimchovya kwenye kila kijito njiani. Sikuujua ufundi huo. Nilijua jambo moja ambalo kila mtoto wa kwetu alilijua: kitu usichotaka kiharibike hutiwa kwenye kibuyu. Nilijaza kibuyu maji ya mto, nikamshika samaki, mnene kama mpini wa jembe, nikamwingiza kichwa mbele. Aliingia kwa urahisi kabisa. Nakumbuka nilijipongeza. Nilipanga kukiosha na kukifukiza mchana, Bibi akiwa shambani.

Uani kwa Mwalimu nilikiinamisha juu ya sufuria. Maji yalitoka. Samaki alitokeza mkia tu. Mapezi ya mgongoni, yaliyolala wakati wa kuingia, sasa yalisimama na kushika ndani ya shingo ya kibuyu kama ndoano. Mwalimu alivuta mkia ukateleza. Alitikisa. Alijaribu kwa kijiti. Kadiri alivyovuta ndivyo mapezi yalivyozidi kusimama. Mama Mwalimu alitoka na mtoto kifuani kuona tunachofanya. Aliona mkia ukitoka kwenye mdomo wa kibuyu, akacheka. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu ajifungue. Kisha akaacha, kwa sababu alikuwa ameelewa.

"Kibuyu cha watu hiki," alisema Mwalimu, akakiweka chini taratibu. "Siwezi kukivunja. Kamwite Bibi yako."

"Mwalimu, bora unichape."

"Nikikuchapa samaki atatoka?"

Bibi alikuja na jembe lake begani. Hakuwahi kuingia katika nyumba ile kwa sababu ya harufu ya dagaa, na siku hiyo pia alisimama uani. Mwalimu alimwamkia shikamoo, naye akaitika marahaba, akauliza hali ya mguu, akauliza usingizi wa mtoto, yote kwa mpangilio wake. Ndipo akatazama kibuyu.

"Ameingiaje?"

"Kwa kichwa, Bibi," nilisema.

"Na wewe kichwa chako kilikuwa wapi?"

Alimgeukia Mwalimu. "Maziwa yangu anakunywa?"

Ningeweza kuonyesha hadi leo mahali nilipokuwa nimesimama. Mwalimu alinitazama, akamtazama mkewe. "Bibi, utusamehe. Hayakai tumboni. Ni ule moshi. Nimekuwa nayanywa mimi."

"Yote?"

"Yote."

"Ndiyo maana umenenepa," alisema Bibi. Hakuna aliyecheka. Hakunigeukia, na hilo lilikuwa baya kuliko kugeukiwa. Mtoto alianza kulia, kile kilio chembamba, na Bibi akainamisha kichwa kukisikiliza kama mtu anayesikiliza ng'ombe aliyelala zizini, kujua anaumwa wapi.

"Na huyu nyoka wenu," alimwuliza Mama Mwalimu, "huyu atakaa tumboni?"

"Sijui kama atasaidia, Bibi. Ila nimemwota siku tatu. Huyu nitammeza."

Bibi aliokota jiwe. Alikilaza kibuyu juu ya gogo la kukatia kuni, akakizungusha, akakipapasa kwa kidole gumba akitafuta mahali. Kisha akakigonga mabegani, chini kidogo ya shingo, mapigo madogo manne ya kuzunguka. Shingo ilikatika ikatoka na samaki wake, kichwa chake sasa kikiwa wazi kuvutwa. Bibi alisogeza chombo pembeni na kumwonyesha Mwalimu samaki kwa kidevu. "Kilishaharibika," alisema. "Mchukueni."

Sikumwona akiwa na hasira. Wakati samaki akipikwa, alikwenda kuketi juu ya jiwe mwisho wa ua, upande unakotoka upepo, jembe limelala miguuni. Kazi ya shambani ilimsubiri lakini hakuondoka. Harufu ya mchuzi ilipopanda, alijifunika pua kwa ncha ya kanga yake. Nilitumwa kuchukua bakuli lililokwisha mchuzi, nami nikapita mbele yake nikilibeba.

"Amekunywa?" aliuliza.

"Amekunywa, Bibi."

Alinyoosha shingo, akatazama ndani ya bakuli. Kisha akasimama, akachukua jembe.

Kesho yake maziwa yalikwenda kwenye sufuria ya Mwalimu, mabichi kutoka kwa ng'ombe, hayajapita popote penye moshi. "Mwambie yachemshwe," Bibi alisema, "ingawa hayana ladha." Mama Mwalimu aliyanywa. Sitawaambia kwamba samaki mmoja aliokoa mtoto. Nimesoma kiasi cha kutosha baadaye kujua kwamba mzazi huhitaji kula, kunywa na kutulia, na kwamba huenda kucheka kule uani kulikuwa na sehemu yake. Ninachojua ni kwamba sauti ya mtoto ilirudi, na walipohamishwa aliondoka mgongoni mwa mama yake akiwa mzito.

Kwa miaka mingi niliamini neno la Bibi, kwamba alivunja kitu kilichokwisha kuharibika kwa kosa langu. Nilikuwa mtu mzima, nikisafisha chupa yenye kitu kilichokwama shingoni, ndipo nilipofikiri upya. Samaki angeweza kukatwa kwa kisu chembamba humo humo ndani, akatoka vipande vipande. Au angeachwa siku mbili akaoza, akamwagwa, na kibuyu kikafukizwa mwezi mzima. Mwanamke aliyesafisha na kushona vibuyu maisha yake yote asingekosa kuijua njia mojawapo. Vipande vingefaa mchuzi vilevile, lakini ingechukua muda kukatakata gizani kwa mkono usioona, na mtoto alikuwa analia. Hiyo ni dhana yangu. Siwezi kuithibitisha kwa kumwuliza, kwani hayupo.

Ushahidi nilio nao ni hiki kipande. Alikigonga mabegani ili tumbo libaki zima. Alikiosha, akakifukiza mara moja, na mvua zilipokuja akachotea mbegu zetu za mahindi, mwaka baada ya mwaka, akisema chakula cha nyumba nzima kinaanzia humo. Bibi hakuwa mtu wa kuweka mbegu kwenye chombo anachokiona kimeharibika.