Taa ya Mbele Ilikotazama

Shangazi yangu ni fundi cherehani, na nadhani cherehani ndiyo iliyomfundisha ubishi: akishakata kitambaa, hageuzi nia. Kwa hiyo aliposema tutakwenda kwa pikipiki ya marehemu mumewe hadi upande wa pili wa nchi kumwona shemeji yake, sikubishana. Nilitafuta tu mto wa kukalia.

Kwenda hakukuwa na neno. Kurudi ndiko kulikotuvuruga.

Shemeji yake alikuwa amemwambia, kwa upole kabisa, "Shemeji, umehangaika vya kutosha. Mama nitamchukua, nikae naye mimi. Wewe sasa uko huru." Mama aliyesemwa ni mama mkwe wa shangazi, ambaye wameishi naye nyumba moja, wakinuniana na kusukana nywele, tangu mimi sijazaliwa. Shangazi hakujibu ndiyo wala hapana. Alisema akifika nyumbani atazungumza na mama mwenyewe.

Basi njia nzima akawa anaongea peke yake ndani ya helmeti. Mara, "Kweli, nitapumzika." Mara, "Nipumzike nifanye nini?" Mimi niko nyuma, kazi yangu ni kutoanguka.

Marehemu alikuwa na sharti moja: pikipiki huegeshwa taa ya mbele ikitazama unakokwenda, ili hata ukitoka na usingizi usikosee. Shangazi alilishika kama amri. Siku ya mwisho, kwenye kituo cha mafuta, aliegesha hivyo hivyo, tukaingia ndani kunywa chai. Huku nje mwoshaji akaiosha pikipiki, akaigeuza apate kusugua upande wa pili, akaiacha ilivyo. Shangazi akatoka, akapanda, akafuata taa.

Jua lililokuwa mgongoni likaanza kunichoma usoni. Nikadhani barabara imepinda. Mbele kidogo tukakuta lori limelala ubavu, matofali yametapakaa, kama lile tulilolipita kabla ya chai.

"Na huku pia limeanguka!" nikasema.

"Madereva wa siku hizi," shangazi akajibu, akapita.

Tulikuwa watu wawili, na akili hata nusu hatukuwa nayo. Mzee mmoja aliyekuwa akiokota matofali akatupigia kelele, "Mmesahau nini tena?"

Shangazi akasimama, akazima injini. Akavua helmeti, akatazama mbele, akatazama nyuma, na kwa mara ya kwanza nikamwona hajui ashike lipi.

"Huku si ndiko kwa shemeji?"

"Ndiko. Lazima mwoshaji aligeuza pikipiki, shangazi."

"Aligeuza pikipiki. Mimi je, nani kanigeuza? Lori lile lile nimelipita mara mbili nisilitambue." Akashika kichwa. "Labda nataka kurudi kule nikamwambie ndiyo. Au nataka nimwambie hapana? Wallahi sijui. Mume hayupo. Nikiingia nyumba ile ya mama sasa, naingia kama nani?"

Nilimkasirikia shemeji kwa upole wake ule, halafu nikaona hata hasira yangu haina pa kukaa, maana mtu hakumtukana. Shangazi akatoa simu akampigia mama mkwe. Bibi yule hasikii vizuri, kwa hiyo simu yake huwa ni mkutano wa hadhara.

"Mama, nimepotea!"

"Umepotea vipi, na barabara ni moja?"

"Hata sijui! Shemeji anasema atakuchukua ukakae kwake! Anasema mimi sasa niko huru!"

Watu wa matofali wakaacha kazi. Upande wa pili nikasikia kifuniko cha sufuria kikiwekwa chini.

"Huru kwenda wapi, mwanangu, na maji yako ya kuoga yanapoa?"

Shangazi akalia pale pale barabarani, kamasi na vyote, bila kumwonea haya mtu. Alipomaliza akajifuta kwa ncha ya khanga, akanisukuma bega.

"Shuka nigeuze."