Nilimdanganya Wifi Yangu Mbele ya Daktari Wake

Kosa ni langu peke yangu, na msinipe pole. Siku hizi nikisikiliza sauti yangu mwenyewe kwenye WhatsApp najionea kinyaa. Ni sauti hii hii niliyoitumia.

Sisi ni Wakongo, tunaishi Fort Worth. Mimi nilifika Marekani mapema, Kiingereza nakijua. Kanisani kila mwenye barua asiyoielewa ananipigia mimi. Shuleni mimi, kliniki mimi, kila mahali mimi! Nikavimba kichwa. Nikajiona nina haki na kila kinachopita mdomoni mwangu.

Wifi yangu, mke wa mdogo wangu, aliletwa kwanza Pennsylvania na wazazi wake, nyumba imepakana na msitu. Huko kupe alimuuma bila yeye kujua. Alipoolewa na kuja huku Texas, goti likaanza kuvimba, uchovu haumtoki, maumivu leo bega, kesho shingo. Wakampima damu, wakakuta ugonjwa wa Lyme, ule unaoletwa na kupe.

Alikuwa pia anameza vidonge vya uzazi wa mpango. Hedhi yake ilikuwa nzito mno, na vile vidonge ndivyo vilivyoituliza. Tena yeye na mumewe walikubaliana wasubiri mtoto mpaka apone. Walikubaliana wao wawili, mimi sikuulizwa, na jambo hilo likanikera kuliko ninavyopenda kukiri. Mama yetu kule Uvira alikuwa ananipigia kila Jumapili: "Na mjukuu?" Mdogo wangu ndiye mwanamume pekee kwetu.

Siku ya miadi, daktari, mama mmoja mpole, aliuliza kama alete mkalimani wa kwenye simu. Nikasema hapana haja, mimi ni familia.

Wifi akanigeukia. "Dada, umuulize: huku kuchoka, ni ya kupe ao ni ya vidonge? Kwenye kwaya banasema vinaharibu homoni."

Nikauliza vizuri kabisa. Na daktari akajibu vizuri kabisa. Alisema homoni wamezipima, ziko sawa. Uchovu na goti ni vya Lyme. Vidonge asiviache, maana vinamzuia kutokwa damu nyingi, na pia antibiotiki anayoanza haimfai mwanamke mwenye mimba.

Wifi akauliza, "Anasema nini?"

Nikamwambia, "Amesema ni vidonge. Vimevuruga homoni zako. Uviache leo."

"Alisema vile kweli?"

"Kweli."

Akamgeukia daktari, akamshukuru kwa Kiingereza chake kidogo. Daktari akatabasamu. Na mimi nikatabasamu! Habari ya antibiotiki na mimba niliimeza kimya. Nilijiambia dawa ni ya wiki nne tu, mtoto atakuja baadaye, ubaya uko wapi?

Mwezi wa pili tangu aviache, damu ikaja. Ikaja na haikuondoka. Wifi alikuwa anafanya kazi kwenye ghala, kufungasha mizigo, amesimama zamu nzima juu ya lile goti lililovimba. Alinipigia akiwa chooni kazini: "Dada, nabadilisha pedi kila saa. Naogopa."

Mnajua nilimjibu nini? Nilimwambia ni uchafu wa vidonge unatoka, mwili unajisafisha, avumilie. Mimi! Nilisema hivyo nikiwa nimekaa nyumbani nakunywa chai.

Alivumilia siku tisa. Siku ya kumi akaanguka kazini, ikaja ambulensi.

Nilipofika hospitali alikuwa ameshaanza kuongezewa damu, midomo imepauka kama majivu. Mdogo wangu amesimama pembeni ya kitanda. Safari hii hakuna aliyeniuliza kitu. Nesi alisukuma kifaa chenye skrini, humo akatokea mkalimani, mama mmoja, Kiswahili chake cha Tanzania, safi.

"Daktari anauliza, nani alikushauri uache vidonge?"

"Docteur wa kliniki njo alisema," wifi akajibu.

Yule mama akamwambia daktari wa hospitali. Daktari akasoma kwenye kompyuta, akasema, na mkalimani akatufikishia neno kwa neno: "Daktari anasema hapana. Kwenye faili lako imeandikwa ulielezwa uendelee navyo, kwa sababu ya damu na kwa sababu ya dawa. Imeandikwa pia kwamba aliyekutafsiria ni ndugu yako."

Njia ya mwongo ni fupi, jamani. Yangu iliishia palepale.

Wifi hakupiga kelele. Aliuliza tu, "Dada, siku ile alisema nini?"

Nikasema nilisahau. Ndiyo, nilidanganya tena, mtu akiwa na sindano ya damu mkononi!

Mdogo wangu akanitazama mpaka nikainamisha macho. "Ulikuwa unatafuta mutoto mu damu ya muke yangu?"

Wifi amerudishiwa vidonge, damu imetulia, goti linapona polepole. Kazi ya ghalani aliipoteza. Mdogo wangu hapokei simu zangu. Na kanisani wengine hawajajua, bado wananishika mkono: "Dada, Mungu akubariki, unatusaidia." Natamani kunawa pale pale.

Juzi wifi alikuwa na miadi, mumewe yuko kazini, na goti bado halimruhusu kuendesha. Alikosa mtu mwingine, akaniomba mimi. Njia nzima alitazama dirishani. Tulipofika nikafungua mlango ili nishuke naye.

Akasema kwa upole, "Hapana, dada. Ubakie mu gari."

Nikabaki saa nzima na robo, natazama mlango alioingilia.

Ndugu zangu mnaojua Kiingereza, mwili wa mtu si mali ya ukoo. Sema kilichosemwa, hata kama kinakuchoma. Na wewe ambaye Kiingereza hukijui, daktari akikuuliza kama alete mkalimani, kubali. Kubali hata kama dada wa mume wako amekaa hapo pembeni, anatabasamu.