Kula kwa Finjani

Haya, wanawake wenzangu, mliniomba niseme, basi msinikate kauli. Mimi ni fundi cherehani wa hapa hapa Malindi, mabuibui ya nusu ya mtaa nimeyashona mimi. Nilipoolewa na Athumani, mwanzoni mwa miaka hii ya themanini, nilikuwa msichana mwenye kiuno, napanda ngazi bila kuhema.

Mwaka ukapita, mimba hakuna. Wa pili, hakuna. Mavyaa wangu Bi Rukia, mamake Athumani, akakata shauri kwamba mwili wangu hauna nguvu ya kubeba. Dawa yake ikawa chakula. Asubuhi uji wa hulba na samli, mchana wali wa nazi, jioni mahamri na maziwa. "Kula, mwanangu, mtoto hakai kwenye mwili mkavu." Nami nikala kama mgonjwa anavyomeza vidonge, hata shibe ikinikaba. Watu wakanisifu, "Mashaallah, umenawiri!"

Kila Idi nilikuwa nikitanua mishono ya nguo zangu. Hedhi zikaanza kupotea, miezi mitatu, mara sita. Zikikosekana, mavyaa alifurahi akidhani nimeshika mimba, akazidisha samli. Kisha zikija, zilikuja na mabonge ya damu. Ndevu zikaniota kidevuni, nikawa nazing'oa kwa uzi. Shingo ikapiga weusi, mapaja yakachunika kwa kusuguana. Mwaka wa tano mawifi wakamtafutia Athumani mke wa pili, na kitambaa cha nguo ya bibi harusi wakaniletea mimi nikishone! Wallahi nililia hata tundu la sindano sikuliona. Athumani alipokikuta akakikunja, akawarudishia dada zake, kisha akanipeleka kwa daktari Mombasa.

"Uzito huu ndio unaovuruga mayai yako," daktari akasema. "Punguza." Nilijaribu mara tatu. Lakini kukataa sahani ya mavyaa ni kumtukana, nanyi mwajua.

Kaka yangu Salim, aliyehamia Uingereza, ndiye aliyeandika kwamba kule wanapunguza mfuko wa tumbo kwa kisu. Akaniita nikaenda. Daktari wa kule hakunipaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Salim akifasiri, alisema, "Operesheni hii ni ya uzito, si ya uzazi. Ila tumeanza kuona wanawake waliopungua wakirudiwa na hedhi, na baadhi yao wakashika mimba. Wengine hawapati. Bado tunachunguza, siwezi kukuahidi mtoto."

Nikamjibu, "Kwetu nimeahidiwa na kila mtu. Wewe angalau husemi uwongo. Nipasue."

Walinipasua kutoka chini ya kifua mpaka kitovuni. Kidonda kikatunga usaha. Nilitapika hata maji, nywele zikanyonyoka, ngozi ikaninginia. Daktari akanionyesha kikombe kidogo, ndicho kipimo changu cha chakula. Kwetu ni finjani ya kahawa. Akanionya pia nisibebe mimba kabla ya mwaka na nusu, maana mwili ukiwa na njaa mtoto naye atalala njaa.

Nikarudi Malindi. Bi Rukia aliponiona akapiga yowe, "Ya Rabbi! Mwanangu wamemmaliza!" Akaleta sinia la pilau. Nikala vijiko vitatu, nikanawa. Akaninunia siku tisa. Siku ya kumi nikaona haya, nikala nusu sahani ili nimridhishe. Nikatapika pale pale mkekani, nimejikunja kwa maumivu. Akanishika kichwa, akasema kwa sauti ndogo, "Kumbe mimi ndiye niliyekuwa nikikuua."

"Si peke yako, mama," nikamwambia. "Mimi ndiye niliyekuwa nikitafuna."

Tukalia, kisha tukacheka, naye akapangusa mkeka mwenyewe.

Hedhi zilirudi mwezi wa tano baada ya kupasuliwa, zikashika zamu yake. Tukangoja kama tulivyoagizwa. Baada ya miaka miwili zikakosekana, na safari hii hakuna aliyeongeza samli. Tulikwenda kupima. Mimba nilikuwa nayo! Nikamzaa Rehema, mwembamba kidogo, mwenye sauti ya kugombana na mtaa mzima.

Simwambii mtu akapasuliwe. Ni kisu, kina hatari zake, na madaktari wenyewe wasema bado wanajifunza. Ila mwanamke akichelewa kuzaa, msimrundikie masinia. Apimwe, na mumewe apimwe. Namshukuru Mungu, namshukuru Athumani. Bi Rukia naye namshukuru, na nitawaambia kwa nini.

Nilipokuwa ndani siku zile arobaini za uzazi, mwajua desturi yetu, mzazi hushindiliwa chakula. Wanawake walijaa mlangoni, kila mmoja na sinia lake. Bi Rukia akasimama kizingitini, yeye yule, akawarudisha wote. Kisha akaingia chumbani na supu ya kuku ndani ya finjani, akampakata mjukuu wake.

"Kunywa polepole," akaniambia. "Nitakujazia nyingine baadaye. Sina haraka, nipo."